Mwongozo kamili wa kupanda kwenda kwenye maporomoko ya maji huko Alps, kuanzia kuchagua mpaka kurudi

Watu wengi wakipanga safari ya maporomoko ya Alps wanaanza na picha. Wameona picha kali mtandaoni, wanatafuta jina la sehemu, wanakata tiketi, wanafika mwezi wa kumi wanakuta ukuta wa mwamba umelowalowa na uzi mwembamba wa maji unaopeperushwa na upepo. Picha haikudanganya, sehemu ni ileile, ila maji yana ratiba yake na ratiba hiyo haionekani kwenye picha. Kwa hiyo hapa naanza na maji, njia inafuata, viatu baadaye, maana ukishajua maji yanatoka wapi na yanajaa saa ngapi maamuzi mengine mengi yanajipanga yenyewe, hata yale ya usalama.

Hatua ya 1: jua maji yanatoka wapi

Kwa nini Alps kuna maporomoko mengi hivyo? Enzi za barafu mabonde makubwa yalichimbwa na barafu nene iliyokuwa inashuka taratibu, na barafu ya bonde kuu ilichimba chini zaidi kuliko zile ndogo za mabonde ya pembeni. Ilipoyeyuka, vijito vya pembeni vikabaki vinaning'inia juu ya kuta, havina pa kupita zaidi ya kuruka. Ndo maana bonde la Lauterbrunnen huko Uswisi, ambalo kuta zake zimesimama wima pande zote mbili, linajinadi kuwa na maporomoko 72, na mojawapo, Staubbach, linaanguka mita 297.

Sasa kwa mpangaji wa safari, maporomoko ya huko yako ya aina kama nne hivi.

Kuna yanayolishwa na theluji ya msimu na mvua. Haya yanafura mwezi wa tano na wa sita theluji ikiyeyuka, kisha yanapungua taratibu, na kiangazi kikiwa kikavu yanaweza kubaki uzi tu. Staubbach iko kundi hili. Ukienda mwezi wa sita utaloa ukiwa bado mbali, ukienda mwezi wa kumi unaweza kupita chini yake bila kugeuza shingo.

Kuna yanayolishwa na barafu ya kudumu ya juu milimani. Haya kilele chake ni wa sita mpaka wa nane, jua likiwa kali, na rangi ya maji inakuwa ya kijivu au kama maziwa kwa sababu ya unga wa mawe uliosagwa na barafu. Krimml ya Austria ni ya hivi, mita 380 kwa ngazi tatu. Trümmelbach nayo, ambayo imejificha ndani ya mlima palepale bonde la Lauterbrunnen, inapokea maji ya barafu za Eiger, Mönch na Jungfrau, na siku za wingi yanapita mpaka lita 20,000 kwa sekunde. Ukisimama mle ndani unausikia mlima wote unatetemeka.

Kuna ya chemchemi, maji yanatoka ndani ya miamba ya chokaa, mfano Savica kule Slovenia karibu na ziwa Bohinj, inaanguka mita 78. Haya yanafuata mvua na theluji lakini kwa kuchelewa kidogo.

Na kuna ambayo yanafunguliwa na kufungwa na watu. Hapa wengi ndo wanapigwa chenga. Cascate del Serio huko Valbondione kaskazini mwa Italia ina mita 315, lakini juu yake kuna bwawa la umeme, na maji yanaachiwa siku chache tu kwa mwaka, kwa kawaida tano, kila mara kama nusu saa. Ukienda siku nyingine unaangalia mwamba. Cascata del Toce, mita 143, nayo iko Italia na nayo inategemea saa za kuachiwa maji. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba, andika jina la poromoko pamoja na neno bwawa kwa lugha ya pale, angalia kama kuna kalenda.

Hatua ya 2: chagua saa, siyo siku tu

Mito ya barafu inapumua. Usiku kunakuwa na baridi, kuyeyuka kunapungua, asubuhi maji yako chini. Jua likipiga mchana kutwa maji yanapanda, na kilele kinakuwa alasiri mpaka jioni, halafu kadri unavyokuwa mbali na barafu ndivyo kilele kinachelewa zaidi kwa sababu maji nayo yanahitaji muda wa kushuka. Maana yake kwenye miguu yako ni hii: kijito ulichokiruka saa tatu asubuhi kwa kukanyaga mawe mawili, saa kumi jioni mawe yale yako chini ya maji na kijito kimebadilika rangi. Kama njia yako inavuka kijito cha namna hiyo pasipo daraja, panga urudi kabla ya saa saba mchana au tafuta njia ya kurudia yenye daraja.

Radi nazo zinapenda alasiri. Kiangazi milimani hewa ya joto inapanda, mawingu yanajijenga kuanzia mchana, na saa tisa au kumi kunaweza kunguruma. Ukiviweka pamoja, maji kupanda na radi, jibu ni kuamka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshakula, saa moja unatembea. Najua uko likizo. Amka tu.

Kuhusu mwezi: njia za bondeni zinapitika kuanzia mwezi wa tano. Njia za juu ya mita 2,000 zisubirie mwisho wa mwezi wa sita, miaka mingine mpaka wa saba, kwa sababu vipande vya theluji vinabaki kwenye vivuli na makorongo. Kama unataka jibu moja la mwezi, mi ningesema wiki mbili za mwisho za mwezi wa sita kwa anayebaki chini, na mwezi wa saba kwa anayetaka kupanda juu.

Hatua ya 3: chagua njia kwa uwezo wako

Anayeanza kabisa aende Krimml. Njia imetengenezwa vizuri, ni kama kilomita 4 mpaka juu, inapanda kwa kona kona na kila baada ya muda kuna kijukwaa cha kuangalia maji, kwa hiyo ukichoka huonekani umechoka, unaonekana unapiga picha. Kuna kiingilio msimu wa kiangazi. Watoto wanaiweza. Savica nayo ni fupi, ngazi zaidi ya 500 lakini nusu saa haiishi umeshafika, na Peričnik palepale Slovenia, bonde la Vrata, ina kitu ambacho sehemu nyingi hazina: unapita nyuma ya maji, yanaanguka mbele yako mita 52 na wewe umesimama chini ya mwamba uliochimbika. Leta koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe pee.

Wa katikati aende Stuibenfall huko Umhausen, bonde la Ötztal, Austria. Mita 159, la juu kuliko yote jimbo la Tyrol, lina ngazi za chuma zaidi ya 700 na daraja la kuning'inia. Mapafu hayatakuonea huruma ila njia iko wazi. Kama unaogopa urefu, uzingatie kwamba ngazi za chuma za matundu zinakuonyesha mpaka chini.

Röthbach ya Ujerumani, mita 470, ndefu kuliko yote nchini humo, njia yake siyo ngumu ila ina mtego wa ratiba. Unapanda boti Schönau, unavuka ziwa Königssee mpaka Salet, unatembea kando ya ziwa dogo la Obersee mpaka mwisho, halafu unarudi. Barabara ya kutoka Salet hakuna. Boti ya mwisho ikiondoka bila wewe umeisha, kwa hiyo kitu cha kwanza ukishuka kwenye boti ni kupiga picha kibao cha ratiba.

Anayetaka siku nzima ya kweli, ambayo mimi naipenda kuliko zote hapa, aende mwisho wa bonde la Lauterbrunnen. Treni kutoka Interlaken Ost inakufikisha Lauterbrunnen kwa kama dakika 20, unachukua basi mpaka Stechelberg, mita 910 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo unapanda kupitia Trachsellauenen, msitu, mbuga za ng'ombe, na upande wa pili wa bonde poromoko la Schmadribach linajitokeza kwa vipande, kwanza mngurumo, kisha kipande cheupe katikati ya miti, kisha yote. Mita 1,778 kuna Obersteinberg, nyumba ya wageni isiyo na umeme, jioni wanawasha mishumaa. Ukiwa na nguvu unaendelea mpaka ziwa dogo la Oberhornsee, mita 2,065. Kama siyo mzoefu gawa siku mbili, lala Obersteinberg, lakini piga simu wiki kadhaa kabla maana vitanda siyo vingi.

Namna ya kupiga hesabu ya muda

Usiangalie kilomita peke yake. Kanuni inayotumika sana Alps ni hii: kilomita 4 kwa saa tambarare, mita 300 kwa saa za kupanda, mita 500 kwa saa za kushuka. Unapata muda wa umbali na muda wa mwinuko, unachukua mkubwa, unaongeza nusu ya mdogo. Mfano njia ya kilomita 8 yenye kupanda mita 600: umbali masaa mawili, mwinuko masaa mawili, jumla masaa matatu. Hapo hakuna picha, hakuna chai, hakuna kufunga kamba ya kiatu. Kwa mtu asiyezoea ongeza theluthi.

Ukiifanyia Oberhornsee, kupanda tu ni karibu mita 1,150, yani karibu masaa manne bila kuhesabu umbali, kushuka zaidi ya mawili. Siku ya masaa saba mpaka nane. Ndo uone kwa nini nimesema saa moja asubuhi uwe unatembea.

Vibao vya Uswisi vinaandika muda siyo umbali, na muda ule ni wa mwenda mfululizo bila mapumziko. Tembea kibao cha kwanza mpaka cha pili, pima na saa yako, utajua kama wewe ni mwepesi kuliko kibao au mzito, halafu rekebisha siku nzima kwa uwiano huo. Hii ni bora kuliko apu yoyote.

Rangi pia zisome. Uswisi kibao cha njano kitupu ni njia ya kawaida, mtu wa viatu vya kawaida anaenda. Alama nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, panaweza kuwa na mteremko mkali, kamba ya kushikilia, mguu lazima uwe imara. Nyeupe-buluu-nyeupe ni ya wazoefu, panaweza kuwa na mwamba wa kupanda kwa mikono au barafu, na kama unasoma mwongozo huu kwa mara ya kwanza basi hiyo siyo yako mwaka huu. Nchi nyingine zina rangi zao, Austria wanatumia duara la nyekundu kwa ya kati na jeusi kwa ngumu, kwa hiyo usibebe maana za Uswisi ukavuka nazo mpaka.

Maneno machache ya Kijerumani ya vibao yashike kichwani: "gesperrt" ni pamefungwa, "Steinschlag" ni mawe yanaanguka, "Lebensgefahr" ni hatari ya kifo, "kein Trinkwasser" ni maji siyo ya kunywa. Njia ikiandikwa gesperrt haijafungwa kukukomoa wewe, mara nyingi kuna daraja limebebwa na maji au mwamba umeachia.

Hatua ya 4: vitu vya kubeba

Sitaandika orodha ndefu kwa sababu orodha ndefu ndo zinafanya watu wabebe begi la kilo 12 kwa matembezi ya nusu siku. Viatu ndo kila kitu: soli yenye meno makubwa, ya mpira laini kiasi, ambayo haijaliwa. Mpira uliokakamaa kwa uzee unateleza kwenye mwamba mbichi hata kama meno yapo, kwa hiyo viatu vya zamani vilivyokaa kabatini miaka vijaribu kwanza kwenye jiwe lililolowa karibu na nyumbani. Viatu vipya vivae wiki kadhaa kabla, la sivyo malengelenge yatakutuliza saa ya pili tu.

Nguo vaa tabaka. Chini kabisa tisheti ya michezo inayokauka haraka au ya sufu nyepesi, juu sweta, juu kabisa koti la mvua. Pamba iache, ikilowa na manyunyu haikauki na huko juu baridi inakuja ghafla. Kwa wastani kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6.5, na chini ya poromoko upepo wa maji yenyewe unaongeza baridi yake. Tisheti ya kubadilisha iweke ndani ya mfuko wa plastiki.

Kisha: fimbo mbili za kutembelea, maji lita moja na nusu angalau, chakula cha kutafuna njiani, kofia, losheni ya jua, miwani, tochi ya kichwani hata kama unarudi mchana, bandeji na plasta, filimbi, blanketi la foili, pawabenki. Ramani ya karatasi ya 1:25,000 kama unaijua kuisoma, na kwenye simu pakua ramani kabla ya kuondoka, kwa Uswisi apu ya swisstopo inatosha kabisa, maana ndani ya makorongo mtandao unakata. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inakula chaji.

Bima isome kabla hujaondoka. Kama unaingia kwa viza ya Schengen umeshanunua bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na watu wanadhani wamemaliza. Fungua karatasi utafute maneno mawili, uokoaji milimani na helikopta. Bima nyingine zinakutibu ukiwa hospitali lakini kukutoa mlimani hazihusiki, na Uswisi bili ya helikopta inakufuata mpaka nyumbani.

Hatua ya 5: njiani

Usiku wa kuamkia angalia hali ya hewa ya mlima siyo ya mji. Asubuhi angalia tena. Mwambie mtu njia unayopita na saa unayotarajia kurudi, kama unalala kwenye nyumba ya mlimani kuna kitabu cha wageni, andika unakoelekea kesho, ndicho wanachosoma waokoaji wakianza kutafuta.

Anza polepole kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima. Anayekupita mbio nusu saa ya kwanza utamkuta ameketi kwenye jiwe.

Ng'ombe. Njia nyingi zinakatiza malisho na ng'ombe wenye ndama hawana utani. Austria mwaka 2014 bonde la Pinnistal mama mmoja aliyekuwa anatembea na mbwa aliuawa na ng'ombe na kesi ikafika mahakamani. Zunguka kwa mbali, usipite kati ya mama na ndama, usimshike ndama hata kama anakulamba mkono. Kama una mbwa mfunge kamba fupi, lakini ng'ombe wakimshambulia mwachie, wanamtaka yeye na anakimbia kuliko wewe. Geti ulilofungua lifunge.

Maji ya kunywa chota kwenye mabomba ya kijijini au ya nyumba za mlimani. Kijito kizuri kinachong'aa chini ya malisho kimepita kwenye mavi ya ng'ombe ambayo huyaoni.

Kipande cha theluji kikiwa juu ya kijito simama. Maji yanapita chini na yanaila theluji kutoka chini, juu unaona daraja jeupe, ndani ni pango lenye paa jembamba, na pembeni karibu na mwamba ndo pembamba zaidi kwa sababu mwamba unashika joto. Karibu na maporomoko ni mbaya mara mbili maana manyunyu nayo yanaila kutoka juu. Nyayo za jana hazithibitishi chochote cha leo alasiri. Kama hujui kupima, rudi, hapo hakuna aibu.

Kijito cha kuvuka: tafuta palipo papana siyo palipo pembamba, pembamba ndo pana kina na nguvu. Fungua mkanda wa kifuani na wa kiunoni wa begi ili ukianguka ulitupe. Viatu usivue, vua soksi kama unataka zibaki kavu. Elekeza uso maji yanakotoka, fimbo mbele yako, sogea kiupandeupande mguu mmoja mmoja. Yakifika gotini na yanasukuma, acha. Na ukiona kibao cha njano chenye mtu anayekimbia maji kando ya mto, maana yake juu kuna bwawa la umeme na maji yanaweza kuachiwa wakati wowote, jua likiwaka bila hata wingu moja. Usikae kwenye mchanga wa katikati ya mto huo kula mkate.

Hatua ya 6: zile mita kumi za mwisho

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu njia nzima mtu anakuwa makini, akifika kwenye maji anaweka begi chini, anatoa simu, na akili inaenda likizo.

Mwamba ulio kwenye manyunyu haufanani na mwamba mwingine. Umesuguliwa na maji ukawa laini, juu yake kuna ukoga ambao ukiwa mweusi huuoni kabisa, unadhani ni rangi ya jiwe. Kabla ya kuweka uzito, kanyaga na usugue soli mbele na nyuma kidogo. Ikikwaruza, sawa. Ikiteleza bila sauti, usiweke uzito hapo. Pendelea jiwe lenye chembechembe kuliko linalong'aa, na sehemu tambarare kuliko iliyoinama hata kama iliyoinama ndiyo inafaa kwa picha. Mikono yote miwili iwe huru wakati wa kusogea. Picha inapigwa ukiwa umesimama, miguu imetulia. Kurudi nyuma huku unaangalia kioo cha simu ni marufuku, jiwekee sheria hiyo mwenyewe.

Usikae chini kabisa ya maji yanapoangukia. Maji yanashusha mawe, na mwanzoni mwa msimu yanashusha mapande ya barafu yaliyokuwa yameganda ukutani, hayapigi honi. Angalia ardhi, ukiona mawe mapya yenye kingo kali na mikwaruzo myeupe, ujue hapo ndo yanapotua.

Usiende juu kwenye ukingo ambapo maji yanaanza kuruka. Mtu akiteleza chini anaweza kuvunjika mkono, akiteleza juu hakuna hadithi ya kuendelea.

Kuogelea kwenye dimbwi la chini, jibu langu ni hapana, na siyo woga. Maji ya barafu yana nyuzi chache tu, ukiingia ghafla mwili unavuta pumzi kwa nguvu bila ruhusa yako, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Pia maji yanapoanguka yanachanganyika na hewa, povu lile halikubebi vizuri, halafu mkondo wa chini unarudisha vitu kuelekea kwenye poromoko badala ya kuvitoa nje. Juu ya Königssee kulikuwa na vidimbwi vya poromoko la Königsbach vilivyopata umaarufu mtandaoni. Vijana wawili walizama pale mwaka 2019, na mwaka 2021 eneo likafungwa ili mimea iliyokanyagwa iote tena, faini yake ikawa ya maelfu ya euro. Ukiona mtu anakuelekeza huko kwa ajili ya picha mpite.

Kwa wapiga picha, haraka tu: upinde wa mvua unautafuta jua likiwa nyuma yako, kitambaa kikavu cha lenzi viwe viwili maana cha kwanza kitalowa dakika ya kwanza, na maji yaonekane kama hariri unahitaji kuegemeza simu kwenye jiwe au kibeba simu na kuiweka kwenye muda mrefu wa mwanga. Wingu jepesi linatoa picha nzuri kuliko jua la saa sita.

Ikinguruma au mtu akiumia

Ukiona radi hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Chini ya sekunde 30 uko ndani ya hatari tayari. Shuka kutoka kwenye mgongo wa mlima, achana na kamba na ngazi za chuma, toka kwenye maji na mwamba ulio chini ya maji, usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake. Kama huna pa kwenda chuchumaa juu ya begi, miguu pamoja, mbali na wenzako mita kadhaa.

Mtu akiumia, namba 112 inafanya kazi nchi zote za Alps. Uswisi kuna 1414 ya helikopta za uokoaji za Rega, Austria uokoaji wa mlimani ni 140. Sema uko wapi kwanza, somea namba za mahali kutoka kwenye ramani ya simu, maana laini ikikata angalau wanajua pa kuja, ndo useme nini kimetokea, wangapi, na hali ya hewa ikoje hapo. Kelele za maji zitawazuia kukusikia, kwa hiyo sogea mbali na poromoko kabla hujapiga.

Simu haishiki? Ishara ya Alps ni mara sita ndani ya dakika moja, kwa filimbi, tochi au kelele, unanyamaza dakika moja, unarudia. Ukijibiwa mara tatu kwa dakika, wamekusikia, usihame. Helikopta ikija nyanyua mikono yote miwili juu kama herufi Y kumaanisha ndiyo tunahitaji msaada, mmoja juu mmoja chini ni hapana. Funga kila kitu kinachopepea, blanketi la foili likiruka linaweza kuingia kwenye panga za helikopta.

Hatua ya 7: kushuka na kurudi

Magoti yanauawa kwenye kushuka siyo kupanda. Kabla ya kuanza, kaza kamba za viatu sehemu ya juu ya mguu ili vidole visigonge mbele, refusha fimbo kidogo, hatua ziwe fupi, goti lisinyooke kabisa. Kula kitu kabla hujashuka hata kama huna njaa, kwa sababu ajali nyingi za kujikwaa ni za mtu aliyechoka anayewaza basi.

Na basi lenyewe uwe unajua la mwisho ni saa ngapi. Ratiba za huko zimeandikwa kwa masaa 24, kwa hiyo 17:40 ni saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, na mabasi ya mwisho ya mabondeni yanaondoka mapema kuliko unavyofikiri, jumapili na nje ya msimu ni mapema zaidi. Jipe basi moja kabla ya la mwisho.

Ukifika chumbani, kupe kwanza, kuoga baadaye. Wanakaa kwenye nyasi ndefu na misitu ya chini, wanapenda makwapa, kinena, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Ukimkuta mkamate kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumkamua wala kumpaka mafuta, andika tarehe, na ukiona wekundu unaotanuka kama duara siku au wiki zinazofuata nenda kwa daktari. Ile homa ya ubongo ya kupe ina chanjo, Austria watu wengi wamechanjwa, ila ugonjwa wa Lyme, ambao nao unaletwa na kupe, kwa sasa hauna, kwa hiyo kujikagua ndo kinga.

Viatu vitoe soli za ndani, vijaze magazeti, vibadilishie magazeti kabla ya kulala, na usiviweke juu ya hita, gundi inaachia na kesho kutwa soli inabaki kwenye mwamba.